Senghenydd, kijiji cha makaa ya mawe tunacholala sisi wa zamu za mjini

Nilihamia Senghenydd kwa sababu ya kodi ya nyumba. Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko Cardiff, mji mkuu wa Wales, na Watanzania wenzangu waliofika kabla yangu walikwisha kunieleza kwamba mshahara wa muuguzi na kodi za Cardiff havipikiki chungu kimoja. Panda mabondeni, waliniambia. Huko nyumba ni nafuu na watu ni wakarimu, ila ujiandae na usafiri. Nikapanda, na mpaka leo bado nipo.

Kijiji kiko kwenye kilele cha bonde la Aber, juu ya Caerphilly, mji wenye ngome kubwa ya karne ya 13. Ukitoka Caerphilly unapanda, unapita Abertridwr, unafika Senghenydd, na hapo bonde linafunga. Mbele yako ni mlima, kondoo, na barabara nyembamba ya kuvukia upande wa pili. Nyumba zimepangwa safu kwa safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na milango inafungukia moja kwa moja njiani. Alfajiri magari yanashuka mfululizo, na jioni yanapanda tena. Mchana wanabaki wazee, wazazi wenye watoto wachanga, na sisi tuliotoka zamu ya usiku tukiwa tumefunga mapazia.

Mimi sina gari. Nashuka kwa basi hadi Caerphilly, nachukua treni, tunapita ndani ya handaki lililochimbwa chini ya mlima, na baada ya muda mfupi niko Cardiff. Treni haina shida. Kinachonitoa jasho ni kile kipande kifupi cha kufika kwenye treni, kwa sababu basi likikupita wakati wa baridi unasimama kituoni na mvua ya Wales inakupiga ubavuni. Ndiyo maana swali la kwanza nililomuuliza jirani yangu lilikuwa kwa nini bonde lenye watu wengi namna hii halina reli.

Akanijibu kwamba lilikuwa nayo. Njia ilifunguliwa mwaka 1894, huduma ya abiria ikasimamishwa mwaka 1964. Akaniambia pia kwamba reli ile haikuwekwa kwa ajili ya watu, na tangu siku hiyo nikawa kila nikiitazama ramani ya Wales Kusini naona anachosema. Karibu njia zote zilishuka baharini, kwenye bandari za Cardiff, Barry na Newport. Kwenda bonde la jirani, lililo nyuma tu ya mlima, mara nyingi ilibidi ushuke hadi chini kisha upande tena. Makaa ya mawe hayakuwa na ndugu wa kuwatembelea bonde la pili. Yalikuwa na meli tu ya kuwahi.

Jirani huyu namwita Mzee, na amezoea. Amepita miaka sabini na mitano. Alianza kushuka mgodini akiwa na miaka 15, katika mgodi wa Windsor pale Abertridwr, akaufanyia kazi mpaka ulipofungwa mwaka 1986. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu bonde hili nimeyapata jikoni kwake, mengine kwenye chumba cha kumbukumbu kilicho ndani ya jumba la jamii hapa kijijini, ambako watu wa kujitolea wamekusanya picha, taa na karatasi za zamani.

Hadi mwaka 1890 hapa palikuwa na mashamba machache ya kondoo. Mwaka uliofuata watu wa kampuni wakaanza kuchimba mashimo mawili ya kushukia, wakayaita Lancaster na York, na mgodi wote wakauita Universal. Makaa yakaanza kutoka mwaka 1896. Yalikuwa makaa ya daraja la juu, yanayowaka kwa moto mkali na moshi kidogo, na ndiyo yaliyopendwa na meli za mvuke na jeshi la majini la Uingereza. Nyumba zikaota kwa haraka ya ajabu. Watu wakaja kutoka mashambani magharibi mwa Wales, wengine kutoka machimbo ya mawe ya kaskazini, wakaja na lugha yao ya Kiwelisi na makanisa yao, na katika muda usiotosha mtoto kukua akaoa, bonde la kondoo likawa mji mdogo.

Siku moja nilipokuwa nasoma habari za makaa haya niligundua kwamba sisi wa Pwani tumekutana nayo zamani. Tangu mwaka 1872 meli za barua zilikuwa zikisafiri kati ya Aden na Zanzibar, na Aden ilikuwa kituo kikubwa cha kujaza makaa, mengi yakiwa yameletwa kutoka Wales. Mabaharia wa Kiyemeni na Kisomali waliokuwa wakisukuma makaa kwa sepetu kwenye matanuri ya meli za mvuke ndio walioanzisha mitaa yao kule Butetown, kando ya bandari ya Cardiff. Wazee wa Kisomali ninaowauguza leo, wengine ni watoto na wajukuu wa mabaharia hao. Kwa hiyo siwezi kusema nimekuja mahali pageni kabisa. Moto uliopeleka barua kwetu ulichimbwa chini ya milima hii.

Ila bei yake haikuandikwa kwenye bahasha.

Tarehe 24 Mei 1901 mgodi wa Universal ulilipuka. Zamu ilikuwa imeisha na chini walibaki watu 82 tu. Walikufa 81. Aliyepona alikuwa mtunza farasi. Uchunguzi ulisema wazi kwamba mgodi ni wenye joto, mkavu, na umejaa vumbi la makaa. Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu watu hudhani gesi peke yake ndiyo inayoua. Gesi ya methani ikikutana na cheche inalipuka, na mlipuko huo unaweza kuwa mdogo. Lakini upepo wake unatimua vumbi lililolala sakafuni na ukutani, vumbi lile nalo linashika moto, linatimua vumbi lingine mbele yake, na moto unakimbia kwenye vichochoro vya mgodi kwa kilomita nyingi. Nyuma yake inabaki kaboni monoksidi. Mimi kama muuguzi naijua gesi hiyo. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hakosi hewa ya kuvuta, anavuta sana tu, ila damu yake haibebi tena kinachomweka hai. Katika milipuko ya namna hii wengi hufa hivyo, bila jeraha.

Baada ya 1901 dawa ilikuwa inajulikana: ondoa vumbi, mwagia maji, dhibiti hewa. Sheria ya migodi ya mwaka 1911 ikaongeza jambo jingine, kwamba feni ziweze kugeuza mwelekeo wa hewa ili moto ukitokea moshi usisukumwe kwa watu. Migodi ilipewa hadi tarehe 1 Januari 1913. Universal haikuwa tayari, ikaongezewa muda hadi Septemba. Septemba ikapita, kazi haijakamilika.

Tarehe 14 Oktoba 1913 ilikuwa Jumanne. Zamu ya asubuhi ilianza kushuka kabla hakujapambazuka, watu wapatao 950. Muda mfupi baada ya saa mbili mlipuko ukatokea upande wa shimo la Lancaster. Waliokuwa upande wa York wengi walitolewa salama. Upande wa pili moto uliziba njia, maji ya kuuzimia hayakutosha, na waokoaji kutoka mabonde yote ya jirani walipambana na moto, moshi na mapaa yanayoporomoka. Usiku wa kuamkia siku ya pili walikutwa watu 18 wakiwa hai. Baada ya hapo zilibaki maiti tu. Waliokufa walikuwa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Vijana 60 walikuwa hawajafika miaka 20, wanane kati yao wakiwa na miaka 14. Wanawake zaidi ya 200 wakawa wajane, na watoto 542 wakabaki bila baba. Hakuna ajali nyingine ya mgodi katika historia yote ya Uingereza iliyoua watu wengi kiasi hicho.

Kabla mwaka haujaisha mgodi ulifunguliwa tena. Baada ya uchunguzi na kesi, meneja alitozwa faini ya pauni 24. Kampuni ilitozwa pauni 10 na gharama za kesi. Gazeti moja la huku mabondeni likapiga hesabu likachapisha jibu lake: shilingi 1 na peni 1 na robo kwa kila roho.

Leo mahali pa mgodi kuna bustani ya kumbukumbu, iliyofunguliwa miaka 100 kamili baada ya siku ile, nayo ni kumbukumbu ya kitaifa ya ajali zote za migodi ya Wales. Katikati kuna sanamu ya shaba ya mwokoaji akimshika mwenzake aliyenusurika, na kila marehemu wa Senghenydd ana kigae chake ukutani. Mara ya kwanza nilipoingia nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka, nilitaka kupita tu. Nikaanza kusoma majina. Majina ya Kiwelisi ni machache na yanajirudia, Evans, Jones, Davies, Thomas, hivyo jicho linaacha kutazama majina na kuanza kutafuta kinachowatofautisha. Hapo ndipo mtu anaelewa kwamba nyumba moja ilitoa baba na mwana siku ileile.

Kilichonikaa rohoni zaidi ni ule muda ulioongezwa. Mlipuko una wasaa wake na hauulizi ratiba ya mtu. Lakini ile feni ilikuwa na tarehe, tarehe ikasogezwa, na aliyeisogeza hakuwa mtu mkatili, alikuwa mtu ofisini aliyeombwa kwa adabu akakubali. Tangu nilipoijua habari hii nimebadilika kazini. Kifaa kikiharibika wodini na nikaambiwa kitatengenezwa mwezi ujao, nauliza tarehe gani, naiandika kwenye taarifa, na tarehe ikifika narudi kuuliza. Wapo wanaoniona msumbufu. Navumilia.

Nirudi kwa Mzee. Ukimpa mkono utaona makovu yake ni ya bluu. Mchimbaji akikatwa na jiwe, vumbi la makaa linaingia kwenye kidonda, ngozi inafunga juu yake, na rangi inabaki humo maisha yote. Ana alama moja puani, nyingine kwenye kifundo cha mkono, na mistari kadhaa mgongoni kwa sababu sehemu nyingine walikuwa wanafanya kazi wameinama chini ya paa la jiwe. Kwenye kabati ana kopo lake la chakula, la bati, limeumbwa kwa umbo la kipande cha mkate ili panya wasifungue na vumbi lisiingie. Ana pia kile kisahani cha shaba chenye namba yake, ambacho mchimbaji alikikabidhi kila anaposhuka ili walio juu wajue nani bado yuko chini. Kifua chake ninakisikia kabla hajafungua mlango. Anapanda ngazi tano, anasimama, anajifanya anatazama picha ukutani, kisha anaendelea. Nimezoea kusimama naye na kutazama picha hiyo.

Ananihadithia mengi, na mama yake anamtaja kuliko mtu yeyote. Kabla bafu za mgodini hazijaenea, wanaume walirudi nyumbani weusi tii, na mwanamke ndiye aliyechota maji, akayachemsha, akajaza karai kubwa la bati mbele ya moto. Mume wa zamu ya asubuhi, mtoto wa zamu ya mchana, mpangaji wa zamu ya usiku. Yeye hakuwa na zamu, maana zote zilikuwa zake. Hayo nayaweka hapa makusudi, kwa sababu sanamu nyingi za makaa ni za wanaume.

Anahadithia pia tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la mabaki ya makaa lilipoporomoka juu ya shule ya Aberfan, bonde la jirani, likaua watu 144, kati yao watoto 116. Alikuwa kijana wa miaka 20. Wachimbaji walitoka migodini kila upande, wakaenda na sepetu zao. Hapo hanisimulii zaidi, nami sijawahi kumuuliza.

Mgomo wa wachimbaji wa 1984 na 1985, wa kupinga kufungwa kwa migodi, anausimulia kwa sauti nyingine. Mwaka mzima bila mshahara, akina mama wakipika chakula cha pamoja na kufunga vifurushi, na watu wa Wales Kusini wakawa kati ya walioshikilia mgomo kwa nguvu kuliko wote. Walishindwa. Mwaka mmoja baadaye Windsor ikafungwa, na Desemba 1990 mgodi wa mwisho wa mabonde ya Rhondda, Maerdy, nao ukafungwa. Yeye akapata kazi kiwandani Treforest. Akawa anapanda basi lilelile ninalopanda mimi.

Hapa ndipo nilipoanza kulitazama upya neno ninalolisikia sana, kwamba Senghenydd imekuwa kijiji cha kulala tu, kwamba watu wa mjini kama mimi tumekiua. Nimepekua, na ukweli ni kwamba Universal ilifungwa mwaka 1928. Tangu wakati huo, karibu karne nzima sasa, Senghenydd haina mgodi wake. Wanaume waliobaki walishuka kila siku kwenda Windsor na migodi mingine. Wengi hawakubaki kabisa. Kati ya vita vikuu viwili vya dunia watu zaidi ya 400,000 waliihama Wales, wengi wakienda England, kwenye viwanda vya magari vya Oxford na Coventry, na kwenye miji kama Slough. Mimi nimekulia Tanga, nimeona kambi za mashamba ya mkonge baada ya bei kuanguka, nyumba za wafanyakazi zimesimama na miti imeota ndani. Nilitegemea mgodi ukiondoka kijiji kife vivyo hivyo. Hakikufa. Kilijifunza kufanya kazi mbali na kurudi jioni, miaka mingi kabla nyumba za Cardiff hazijapanda bei.

Kwa nini hakikufa? Jibu langu ni kwamba kampuni ilijenga mgodi, lakini watu ndio waliojenga kijiji. Katika mabonde haya wachimbaji walikatwa peni chache kwenye kila mshahara, na kwa peni hizo wakajenga kumbi zenye maktaba, wakalipa madaktari, wakaanzisha kwaya na klabu za raga. Kule Tredegar chama chao cha matibabu, kilichoanza mwaka 1890, kilihudumia karibu mji mzima. Aneurin Bevan alizaliwa mji huo, akaingia mgodini akiwa mtoto, na alipokuwa waziri wa afya ndiye aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, akichukua mfano wa kwao. Mshahara ninaolipwa, na matibabu ya bure ninayowapa watu bila kuwauliza wana nini mfukoni, vimetoka kwenye peni za wachimbaji. Nilijifunza uuguzi kwa miaka bila mtu kunieleza hilo. Nilielezwa na mzee mwenye makovu ya bluu, kwenye kiti cha jikoni.

Kwa hiyo sioni kosa katika kufanya kazi mbali. Naona hatari katika jambo jingine: mtu kulala mahali miaka mitano na asijue jina la jirani, asiingie ukumbini, asijue kwamba shule anakopeleka mtoto iko pale mgodi ulipokuwa. Nyumba mpya zinajengwa mabondeni, na katika baadhi ya migodi ya zamani, kama Penallta, watu sasa wanaishi mahali wachimbaji walipokuwa wakifanyia kazi. Ni jambo jema, bora ijengwe kuliko iachwe magugu. Lakini mwenye nyumba mpya ana gari, ana barabara kuu, na maduka yake yako Cardiff. Anaweza kuishi hapa asiguse chochote. Mpanda basi hawezi. Pengine ndiyo sababu nimewajua watu haraka, maana kituoni mvua inaponyesha hakuna ugeni.

Mtanzania au Mkenya anayeniuliza kama ahamie mabondeni namwambia aje, lakini namtajia mambo ya kweli. Atazame ratiba ya basi la mwisho kabla hajasaini mkataba. Aangalie unyevu kwenye kuta za nyuma, zile zinazogusana na mlima. Asiseme hapa ni England, maana atamkwaza kila mtu kwa wakati mmoja. Na tarehe 14 Oktoba, kama hayupo zamu, aende bustanini. Ajabu ni kwamba hili la mwisho ndilo linalofungua milango kuliko yote. Wenyeji wanakuangalia umesimama pale na koti lako, hawasemi kitu, na wiki inayofuata mtu usiyemjua anakuuliza kama unataka viazi vya bustani yake.

Hivi karibuni tulikaa ukumbini kuhusu basi la usiku, kwa sababu wauguzi, walinzi na wafanyakazi wa mikahawa tunaotoka zamu usiku tunafika Caerphilly na kukuta basi limekwisha, na teksi inameza sehemu kubwa ya ujira wa siku. Waliniomba niseme, nikasema zamu yangu inaisha saa ngapi na nyumbani naingia saa ngapi. Baada yangu Mzee akasimama, polepole, akashika kiti cha mbele yake. Akasema mwaka 1964 walipochukua treni bonde liliambiwa kutakuwa na mabasi ya kutosha, na yeye alikuwepo. Akaketi. Barua ikaandikwa usiku uleule, tukasaini wote, wenye magari na wasio nayo, na nakala ikabandikwa kwenye mlango wa jumba la jamii ikiwa na tarehe ambayo tumeomba jibu liwe limefika.